Fundi wa Vitu Vizima

Shemeji yangu ni fundi wa vitu ambavyo havijaharibika. Feni yao ilikuwa inazunguka vizuri, akaifungua. Sasa inazunguka ikijisikia. Dada yangu humvumilia. Mimi siwezi.

Dada hutafsiri vitabu. Safari hii mchapishaji alimwonya: kazi ifike kabla ya saa sita mchana wa Ijumaa, la sivyo anampa mtu mwingine, na dada asimtafute tena. Kosa la dada ni kulalamika mbele ya mumewe kwamba kompyuta haikai na chaji. Bwana akakunja mikono ya shati, akajifungia chumbani na waya zake, akatoka kifua mbele.

"Nimeiongezea seli. Sasa itakaa kutwa nzima!"

Seli zenyewe alizibandika chini kwa utepe mweusi, kompyuta ikawa inayumba mezani kama kigoda kibovu. Dada aliendelea kuchapa kazi yake shingo upande.

Alhamisi, nikiwa nimewatembelea, umeme ukakatika. Hadi Ijumaa asubuhi simu zetu zote zilikuwa zimezima, lakini kompyuta ilikuwa inadunda tu. Roho iliniuma, nakiri. Shemeji alipita mbele yangu mara kadhaa bila sababu.

"Vipi, shemeji? Mbona kimya leo?" akaniuliza.

Dada akamaliza ukurasa wa mwisho, akashusha pumzi, akachukua kile kidude cha intaneti ili atume. Akakibonyeza. Hakikuwaka. Akakipimapima mkononi, kilikuwa chepesi mno.

"Baba watoto, hiki kimepatwa na nini?"

"Sasa mke wangu, hizo seli ulidhani nimezitoa wapi?"

"Haya, nipe ile betri ya akiba niwashe simu."

"Nayo imo." Akaipapasa kompyuta tumboni. "Zote zimo humu, hata matundu ya kuchajia simu nimeyapitishia waya."

Nilikimbia kwa jirani. Nikakuta mlango una kufuli. Niliporudi nikawakuta wameketi, dada anaitazama kazi yake yote ikiwa tayari kwenye kioo, na saa sita ikapita hivyo hivyo. Nilitaka kumtukana shemeji, nikamwona dada anafuta machozi, nikampa leso.

"Lakini tuseme ukweli," shemeji akasema, "chaji haijapungua hata nusu!"

Dada akainuka. Akatia nguo zake kwenye begi, akaikumbatia kompyuta na matumbo yake yote, akaniambia twende kwangu.

Shemeji akatufuata hadi mlangoni. "Mke wangu, utarudi lini?"

"Chaji ikiisha."