Kitufe Kisicho na Herufi

Kibodi ya zamani ilipomwagikiwa chai ikagoma kabisa, mchapaji wa duka la pembeni mwa posta aliletewa nyingine na wifi yake, fundi wa kompyuta. Ilikuwa na kitufe kimoja cha ziada pembeni, cheupe pe, hakina herufi wala alama.

"Hiki cha nini, wifi?"

"Cha chochote utakacho. Unakipa maneno, ukikibonyeza yanajiandika yenyewe. Njoo nikuoneshe."

Wiki ya kwanza mchapaji alikipa maneno yaliyokuwa yamemchosha vidole: "Ninayo heshima kuomba kazi katika ofisi yako." Raha tupu, mpaka kidole kilipoteleza na kadi ya harusi ikaanza kwa kuomba kazi. Bwana harusi alicheka. Mama mkwe wake hakucheka. Mchapaji akayafuta maneno siku hiyohiyo.

Kitufe kikakaa bure hadi Jumanne moja, alipoingia dereva wa lori mstaafu, mzee wa maneno mengi. Alitaka barua kwa dada yake. Walikuwa hawasemezani mwaka wa sita sasa, kisa kiti cha marehemu baba yao. Mzee akasema, mchapaji akachapa: salamu, mvua, magoti yake, magoti ya mkewe. Ukurasa ukajaa.

"Na kuhusu kile kiti, mzee wangu?"

Mzee akakohoa, akatazama dari. "Malizia tu, mwanangu. Unajua kinachofuata."

"Najua, lakini dada si wangu."

Ulimi ulikuwa umemwia mzito. Mchapaji akamwonea huruma. Akakipa kitufe maneno mawili, kisha akamsogezea kibodi.

"Basi usiseme. Bonyeza hapa."

Mzee akakigandamiza kama anayepiga honi. *Nisamehe dada. Nisamehe dada. Nisamehe dada.*

"Nifute mbili?"

"Ziache. Sikio lake moja halisikii vizuri."

Wiki iliyofuata dada mtu akapiga simu dukani. "Binti, maneno haya umemtungia wewe?"

"Hapana, mama. Kayaandika mwenyewe, kwa kidole chake."

Dada mtu akavuta kamasi, akacheka. "Mwambie aje Jumapili. Na wifi yangu aje, nimemkumbuka."

Mchapaji aliwaacha wateja kwenye foleni, akavuka barabara mbio hadi nyumbani kwa mzee. Mzee alikuwa akifua mashati uani. Alimsikiliza hadi mwisho, akajifuta povu mikononi, akauliza, "Kwani leo ni siku gani?"