Kimada wa Jumanne Saa Tisa

Mwanamume anaweza kuvumilia kuitwa mlevi, mwongo, hata mwizi wa kuku, lakini kuna jina moja ambalo Baba Mapacha aliapa hataitwa akiwa hai. Ndiyo maana Jumapili ile, mbele ya kikao cha familia, alikiri kosa ambalo hakulitenda.

Ukweli wenyewe ni huu: jogoo wake alikuwa hawiki, na mwaka ulikuwa umepita. Alijaribu tangawizi, alijaribu mazoezi, alijaribu kusali. Mwishowe akasikia kuna chumba juu ya duka la vigae ambako wanaume hutibiwa kwa mashine ya mawimbi. Ni kisanduku cheupe chenye mpini mwishoni mwa waya. Mpini huo huwekwa pale panapohusika, kisha mashine inagonga, mapigo elfu tatu kwa dakika ishirini, eti kuamsha mishipa ya damu iliyolala. Mtaalamu, mama mtu mzima mwenye miwani, hakumficha kitu. "Wengine inawasaidia, wengine haiwasaidii. Mimi siahidi. Utakuja mara sita, kila Jumanne saa tisa, na ukiruka wiki moja tunaanza upya." Alikuwa ameshakwenda mara nne.

Sasa jiweke mahali pa Mama Mapacha. Anashona sare za shule sebuleni, watoto wako bweni, nyumba kimya. Mumewe hamgusi. Lakini kila Jumanne anaoga mara mbili, anavaa chupi mpya, na jioni anarudi akitembea taratibu kama aliyebeba mayai. Wewe ungefikiri nini? Mama Mapacha alifikiri hivyo hivyo. Akakunja magauni matatu, akayatia kwenye begi, akalisimamisha mlangoni. Ama mumewe aseme mbele za watu, ama yeye ahamie kwa kaka yake.

Kikao kikakaa. Shangazi yake Baba Mapacha, mwalimu mkuu mstaafu, aliendesha mambo kwa daftari na kalamu nyekundu. Upande wa mke alikuja kaka yake, mwalimu wa udereva, ambaye kwa mazoea ya kazi, kila akiona hatari hukanyaga sakafu kwa mguu wa kulia akitafuta breki.

"Swali la kwanza na la mwisho," alisema Shangazi. "Una mwanamke nje?"

Baba Mapacha alimtazama mkewe, akatazama begi. Alifungua mdomo ukweli utoke, ukweli ukagoma.

"Ninaye," akasema.

Shemeji akakanyaga sakafu. Mama Mapacha akafumba macho.

"Yukoje?" akauliza kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Baba Mapacha ni karani wa bohari ya vifaa vya mabomba, na kwa miaka ishirini hajaandika sifa za kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Huwezi kumwambia mtu kama huyo abuni mwanamke papo hapo. Akili ilipapasa huku na huku, ikashika kitu kimoja tu anachokiona siku za Jumanne.

"Mfupi," akasema. "Mweupe. Kilo kumi na mbili."

"Kilo ngapi?"

"Sabini na mbili. Ametoka ng'ambo. Ana dhamana ya miaka miwili."

"Dhamana?" Shangazi aliinua kalamu.

"Kibali. Cha kukaa nchini."

Mama Mapacha alifumbua macho. "Anakupa nini ambacho mimi sikupi?"

"Ananipiga," akasema Baba Mapacha, jasho likimtiririka.

Shangazi akasogeza kiti chake karibu.

"Anakupiga?"

"Mara elfu tatu. Kila Jumanne."

"Kwa siku nzima?" aliuliza shemeji, ambaye sasa alikuwa ameanza kumwonea huruma.

"Kwa dakika ishirini."

Shangazi akaangusha kalamu, akalia. Mwana wa kaka yake, aliyemlea kwa mikono yake, anapigwa na mgeni wa kilo sabini na mbili, na kwa aibu ya kiume hakumwambia mtu! Kikao kilichokuja kumhukumu kikageuka kikao cha kumwokoa. Ikaamuliwa kwamba Jumanne wataongozana wote. Baba Mapacha alijitetea weee, mwisho akakubaliwa jambo moja tu: atapanda ngazi peke yake akaachane na mwanamke huyo kistaarabu, na wenzake watangoja chini mlangoni pa duka la vigae.

"Mkisikia kelele ndiyo mpande," akawaambia.

Mjinga! Alikuwa ameizoea mashine ile hata akasahau kwamba inagonga kama fundi wa mabati.

Jumanne kulikuwa na joto, na mtaalamu alikuwa ameacha dirisha wazi. Saa tisa na dakika kumi wale watatu waliokuwa chini walisikia: ta-ta-ta-ta-ta, bila kituo, na katikati yake sauti ya mwanamke ikisema, "Tulia. Bado elfu moja na mia tisa."

"Anauawa!" akapiga kelele Shangazi.

Shemeji alipanda ngazi mbili mbili, spana ya kufungulia magurudumu mkononi. Lakini aliyefika mlangoni kwanza ni Mama Mapacha.

"Ni mume wangu," akawaambia. "Naingia mimi."

Akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

Mumewe alikuwa amelala chali, shuka limemfika kifuani. Pembeni yake mama wa miwani alikuwa ameshika mpini chini ya shuka, uso wake mkavu kama wa mtu anayepiga pasi. Kisanduku cheupe kilihesabu kwa tarakimu nyekundu. Ukutani palikuwa na bango lenye michoro na maelezo yote, na Mama Mapacha alilisoma neno kwa neno, midomo ikichezacheza. Mashine iliendelea kugonga.

"Mama Mapacha..."

"Ngoja nimalize." Akamaliza. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka mzima," alisema polepole, "nimesimama mbele ya kioo nikijikagua nione nimeharibika wapi. Nimeacha sukari. Nimenunua manukato. Nimemchukia mwanamke ambaye hayupo. Na wewe ulikuwa unajua."

"Niliona aibu," akasema mumewe, akaanza kulia, na kilio chenyewe kikatoka kwa mitetemo kwa sababu ya ile mashine.

"Na aibu yangu mimi, ulimwachia nani?"

Mlango ukagongwa.

"Dada! Yumo humo?"

"Bado anampiga!" Shangazi alikuwa akilia. "Namsikia anampiga!"

Baba Mapacha alimtazama mkewe. Neno moja tu likimtoka mama huyu, basi: shemeji atajua, Shangazi ataandika daftarini, na jina lile aliloapa halitampata litamfuata mpaka kaburini. Hakumwomba. Hakuona ana haki ya kumwomba kitu.

Mama Mapacha alifungua mlango kidogo, upana wa uso wake tu.

"Yumo," akasema. "Nimemwona. Tumezungumza, na yameisha."

"Ni mzuri?" Shangazi hakuweza kujizuia.

"Kunizidi mimi."

"Nimtazame mara moja tu," alisema shemeji.

"Kaka, mume aliyeibwa ni wangu au wako? Nendeni nyumbani."

Wakaenda. Alisikiliza viatu vyao vikishuka ngazi, na alijua vizuri kwamba kabla jua halijazama ukoo mzima, wa huku na wa kule, utakuwa unamhurumia: maskini, mumewe alichukuliwa na mwanamke mfupi kutoka ng'ambo. Watanong'ona juu yake kwenye harusi. Watamshauri namna ya kupika. Akafunga mlango.

Mtaalamu alikuwa amezima mashine. Alivua miwani, akaifuta, akauliza kama waendelee au waahirishe.

Mama Mapacha alivuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha mumewe.

"Yamebaki mangapi?"

"Mia saba na arobaini."

"Mpige yote," akasema, machozi yakimdondoka, akaushika mkono wa mumewe na kuukaza mpaka ukamuuma.