Salamu za Godhana

Kila Jumatatu asubuhi watoto wachanga walipimwa uzito kwenye dispensari ya Garsen. Mizani ilining'inia kwenye boriti ya baraza, na chini yake kikapu cha turubai. Mwanaarusi, msichana wa Kipokomo kutoka kijiji cha Hewani, ndiye aliyefagia baraza hilo, akachemsha sindano na kuwapakata watoto wakati mama zao wakipumzika. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa muuguzi wa watoto.

Watoto wenyewe walieleza ni wapi wanaumwa. Si wote; waliopita mwaka mmoja walikuwa wameshaacha mazoea hayo. Lakini wachanga, ukiwaweka kikapuni, walisema, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Shida ilikuwa salamu. Mtoto wa watu haanzi na maumivu. Wa Kipokomo aliuliza habari za shamba na za mto. Wa Kiorma aliuliza habari za ng'ombe, ndama, malisho, mvua na wazee, na asipojibiwa moja baada ya nyingine haendelei.

Johnson, dresa wa hapo, mfunga vidonda na mgawa dawa, alikuwa na foleni ya watu sitini. Salamu zikifika kwenye ndama, kijiko cha kwinini kilikuwa kishaingia kinywani. Mtoto aliyekatizwa hivyo alinyamaza mpaka Jumatatu iliyofuata, na wengine hiyo Jumatatu hawakuiona.

Mwanaarusi alijibu salamu zote, ufagio ukiwa kwapani.

Mwaka wa hamsini na sita ilikuja barua: chuo cha wauguzi cha pwani kinatafuta mtu mmoja kutoka mtoni akasomee uuguzi wa watoto, na Memsabu mkaguzi angekuja kuchagua siku ya Alhamisi. Furaha ilimjaa Mwanaarusi hata ugali ukakosa njia ya kupita. Alifua gauni lake mara tatu katika wiki hiyo, mara mbili likiwa safi, mpaka mama yake akamwambia litaisha kabla ya Alhamisi. Aliazima viatu, akajifunza kutembea navyo kati ya migomba, akicheka peke yake.

Alhamisi ilipofika, Memsabu alikuta mama wa Kiorma amemleta Godhana, mtoto wa miezi mitano, siku ya tatu analia na mwili unachoma. Johnson akasema ni malaria. Memsabu akataka Mwanaarusi amtazame.

Mwanaarusi akamweka kikapuni. Godhana akauliza kama kumekucha salama. Akauliza habari za ng'ombe, ndama, malisho ya upande wa pili wa mto, visima, wazee na wajane. Mwanaarusi alijibu yote bila haraka, naye akauliza ya kwao. Memsabu alitazama saa yake mara mbili.

"Sasa nieleze, mwanangu," Mwanaarusi akasema.

"Sikio la kushoto," akajibu Godhana. "Kuna kupe."

Mama yake aliinamisha uso. "Mumsamehe, hakuuliza habari za mbuzi," alisema. "Ana homa."

Mwanaarusi alimdondoshea sikioni mafuta ya simsim ya vuguvugu, akangoja, akamtoa kupe kwa kibano. Godhana alishukuru, akalia kidogo kama inavyompasa mtoto, kisha akalala.

Memsabu aliandika mia kwa mia. Alisema hajawahi kumpa mtu alama hizo, na Mwanaarusi alijiona tayari amevaa kofia nyeupe.

"Cheti cha darasa la nane?"

"Nina cha la nne, Memsabu. Shule yetu ya wasichana inaishia hapo."

"Na nyingine iliyo karibu?"

"Ni ya wavulana."

Memsabu aliandika hayo pia, kwa mwandiko mzuri. Hakuwa mtu mbaya. Ila nafasi ilikuwa moja na haikufaa ipotee, na Johnson alikuwa na darasa la nane. Memsabu akaondoka naye Jumamosi.

Baada ya miezi mitatu Johnson alimwandikia Mwanaarusi kutoka pwani. Watoto wa wodi yake walikuwa wanasalimu kutwa na yeye hajui majibu. Wawili walikuwa wameshanyamaza kabisa. Alimwomba, kwa unyenyekevu, amwandikie salamu zote kwa mpangilio. Mwanaarusi alikaa chini siku hiyohiyo, akajaza daftari zima kwa mwandiko wake wa darasa la nne, za Kipokomo, za Kiorma, za Kisomali na za Kigiriama.

Daftari lilipendwa. Chuo kikalipiga chapa, kikalifanya somo la mwaka wa kwanza. Mwanaarusi alipopata habari alirukaruka barazani mbele ya foleni nzima, akaandika barua siku hiyohiyo kuomba nafasi akalisome somo hilo.

Walimjibu upesi na kwa heshima. Waliuliza habari za mto, za shamba, za mama yake na za mvua, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Kisha wakamwomba atume cheti cha darasa la nane.