Fundi Timazi Anyoosha Mto

Mtaa mzima walimwita Timazi, kwa sababu ile timazi ya kupimia kuta haikumtoka mfukoni hata akienda msibani. Uashi aliujua, hilo tusimnyime. Shida yake moja tu: hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Akiona picha imelala upande ukutani mwa watu, anainuka kuinyoosha kabla hajakaribishwa kiti. Wiki ya kwanza ya ndoa, yeye na mkewe walihamisha kitanda mara tatu, kisa hakikuwa sambamba na dirisha.

Sasa, nyuma ya nyumba yake ulipita mto. Mto wenyewe mdogo, wa kuvuka kwa kukunja suruali, lakini maringo yake! Ulikuja ukiyumba, ukakata kona uwanjani kwake, ukazubaa kwenye matete, ukarudi upande ule ule uliotoka, utadhani umesahau kitu nyumbani. Kila msimu wa mvua ulipanda uwanjani, ukakaa siku mbili, ukaondoka na kumwachia tope. Timazi aliutazama miaka kumi na moja, roho inamuuma.

"Mwaka huu nautia adabu," alimwambia mkewe.

"Nani?"

"Mto."

Kiangazi kile akachimba mfereji ulionyooka, hatua sitini, akajenga kuta mbili za zege huku na huku, na chini akasakafia mpaka pakateleza kama sahani. Kona akaifukia. Matete akayang'oa. Na kwa kuwa fundi mzuri hajengi mtaro bila mteremko, akautia mteremko safi, maji yasipate pa kusimama. Zege likiwa bado bichi akaandika kwa msumari: KAZI YA TIMAZI. Watu walikuja kutazama, wakasifu, na bwana mkubwa kichwa kikamvimba.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Timazi alikaa barazani, shati kavua, kikombe cha chai mkononi. Maji yalipita mferejini mbio, hata tone halikuingia uwanjani.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Maji ni kama wanafunzi. Yanataka mstari tu."

Saa kumi na moja jioni, mlango ukagongwa. Alikuwa mama mkwe. Gauni limelowa mpaka kiunoni, kuku kwapani, na nyuma yake mkokoteni umebeba godoro, sinia za mikate na beseni kubwa la kukandia unga. Huyu mama alikaa kando ya mto ule ule, mwendo wa dakika ishirini kwenda chini, na kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Tanuri lake la udongo lilikuwa na miaka thelathini. Mumewe alipofariki, tanuri hilo ndilo lililomlea na kumsomesha mke wa Timazi.

"Karibu, mama," Timazi alisema, anahangaika kuvaa shati, mkono umeingia shingoni.

"Nimeshakaribia, baba. Tanuri limekwenda."

"Limekwenda wapi?"

"Na maji. Miaka yote mvua ikinyesha huku juu, maji yananifikia kesho yake, polepole, yamechoka. Leo yamekuja mvua haijakatika, mbio, utadhani yanafukuzwa na polisi. Nikauliza watu, kuna nini huko juu? Wakaniambia, nenda kamuulize mkweo." Akaweka kuku chini. "Basi nimekuja kuuliza, na sitoki hapa mpaka nijibiwe. Kuku analala wapi?"

Nyinyi mnaocheka, hamjawahi kukaa na mkwe nyumba moja! Timazi alifunga vifungo mpaka shingoni, joto au si joto. Kujilaza kwenye kochi akakoma. Na kila asubuhi mama mkwe alipofuta vumbi, picha zote ukutani zilibaki zimelala upande, na Timazi hakuthubutu kuzigusa mbele yake. Mkewe naye hakumsaidia hata kwa neno.

Siku ya tatu akajikaza. "Mama, nitakujengea tanuri jipya. La matofali."

"Ulijenge palepale, lichukuliwe tena? Ahsante, sitaki." Alisema hivyo kwa ukali, kisha akageukia ukutani akajifuta macho kwa kanga. Wateja wake walikuwa wameanza kununua mikate kwingine. Timazi aliona aibu, aibu ya kweli, lakini ubishi nao una mizizi.

"Lakini mama, maji ni yale yale. Mimi sikuyaongeza hata kikombe."

"Ehee! Njoo uwanjani. Njoo na chai yako."

Akachukua mfereji wa bati, mabaki ya paa, akauegemeza kwenye ngazi. "Kaa hapo chini, baba, mdomoni pake." Timazi akakaa, angefanyaje? Mama akapanda na ndoo ya maji, akaimwaga yote kwa mpigo. Chai, kikombe na kifua, vyote vikaoga pamoja. Kisha akatandaza ndani ya bati magunia makuukuu yaliyokunjwakunjwa, akamwaga ndoo ya pili. Safari hii maji yaliingia kwenye makunjo, yakazubaa, yakamfikia kidogo kidogo. Alipata muda wa kuinuka na kusogeza kiti.

"Ndoo ngapi kila mara?" aliuliza mama.

"Moja," Timazi alisema, anadondoka maji.

"Ile kona uliyoifukia na yale matete ndiyo yalikuwa magunia yangu."

Kesho yake asubuhi Timazi alishika nyundo. Pigo la kwanza alilipiga palepale palipoandikwa jina lake, maana alijijua: angepaacha mwisho, asingepafikia. Siku nane alibomoa, akafukua kona, akapanda matete upya, akauachia mto uwanja wake wa zamani. Mama mkwe alimpelekea maji ya kunywa.

Alipomaliza, wakashuka wote watatu kutazama pale tanuri lilipokuwa. Timazi akainama ukingoni.

"Mama, na haya matete huku kwako, nani kayakata?"

Mama akakohoa. "Matete gani?"

"Haya. Visiki vitupu mpaka majini. Udongo hauna wa kuushika."

"Tanuri linawashwa na nini, baba? Na maombi?"

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mmoja kayasukuma maji, mwingine kayafungulia mlango! Na mimi nimewapikia nyote wiki mbili."

Basi mama naye akakubali yaishe. Matete yaachwe yaote, na tanuri lipande juu, mbali na ukingo. Ila alitoa sharti. "Tanuri ni duara. Lete hiyo timazi yako." Akaitia kwenye beseni la unga, akafunika. Timazi alijenga kwa macho na viganja, jasho linamtoka, na tanuri likainamia kushoto kidogo. Usiku huo hakulala.

Mvua ya pili iliponyesha, maji yalikata kona, yakapanda uwanjani, yakamfika vifundoni. Timazi alikaa barazani kavua shati, akapandisha miguu juu ya meza, akapiga simu.

"Mama, yamefika?"

"Bado. Niache, nina mikate motoni."

Kesho yake saa sita simu ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Yamefika, baba. Polepole, yamechoka," alisema. "Na mikate imeiva, imeinamia kushoto yote. Njooni mle, na ukithubutu kuinyoosha, narudi na godoro langu."