Kibao cha Bernadetha

Mwalimu Felix alipenda magonjwa. Kwa Kiingereza, namaanisha. Kila Ijumaa mmoja wetu alisimama mbele ya darasa awe mgonjwa, mwingine awe daktari, na anayelalamika vizuri alipata alama nyingi. Tuliumwa kila kitu kilichomo kitabuni, hata magonjwa ya nchi za barafu ambayo hapa Serengeti hayajawahi kutukuta.

Na ole wako uongee Kiswahili. Ulivishwa kibao cha mbao shingoni, na hukukivua mpaka umnase mwenzako akiongea Kiswahili, umvishe yeye. Kikurya ndiyo usiseme.

Ijumaa moja Bernadetha, niliyekaa naye dawati moja, alikuja na homa. Haikuwa zamu yake, lakini alinyoosha mkono, akasimama ameshikilia meza.

"Teacher, I am sick. I have a fever."

"Excellent!" Mwalimu uso ukamng'aa. "Clap for her!"

Tukapiga makofi. Akasema, bado kwa Kiingereza, kwamba kichwa kinampasuka na ametapika tangu alfajiri. Mwalimu akatutaka tuige matamshi yake. Alipoanza kutetemeka akasifiwa kwa kuigiza. Kadiri alivyozidiwa ndivyo alama zilivyopanda.

"Mwalimu, naumwa kweli," akasema mwishowe kwa Kiswahili. "Nakufa."

Mwalimu akasikitika sana. Mwanafunzi mzuri hivi, kuharibu mwishoni! Akatoa kibao kabatini, akamvisha. Bernadetha akaanguka nacho.

Tulimpeleka zahanati kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikilia. Malaria kali, wakasema, mngechelewa kidogo tu mngeleta maiti. Wakamtundikia dripu. Nilipotaka kumvua kile kibao, akashika kamba.

"Sijamnasa mtu," akanong'ona.

Nililia kwa hasira. Mtu anapigania roho yake na bado anaogopa sheria ya darasani!

Mama yake, Agness, alifika kutoka Kisaka akiwa na matope mpaka magotini. Akamshika mwanawe paji la uso, kisha akakiona kibao.

"Hiki nacho ni kitu gani?"

Nikamweleza yote, tangu makofi. Pale pa kumvisha mwingine akaniambia nirudie. Nikarudia.

Ndipo Mwalimu Felix akaingia na soda na biskuti, anatembea kwa kunyata.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Marahaba." Mama akakitoa kibao taratibu shingoni mwa mwanawe. "Hebu inama kidogo, mwalimu."

Mwalimu akainama kwa heshima, akidhani ana la kumnong'oneza. Mama akamvisha.

Wodi nzima ilikuwa inaongea Kiswahili: wagonjwa, wauguzi, na mama mwenyewe. Mwalimu angeweza kumvisha yeyote. Aliwatazama wote, mkono ukagusa kamba, ukashuka.

Bernadetha akafumbua macho.

"Mwalimu," akasema, "kichwa kinaniuma."

"Pole, mwanangu," Mwalimu Felix akajibu, akakaa kitandani pembeni yake na kibao chake shingoni.