Kola Zilizopinda

Wiki ya saba ya vidonge vya sonona, fundi cherehani bado alikuwa akiingoja furaha, nayo haikubisha hodi. "Dawa gani hii? Bora ningemeza vifungo," alimfokea mkewe.

Mchana mteja akarudisha shati. Kola ilikuwa imepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Fundi akainua macho ukutani: mashati yote yaliyotundikwa pale, aliyoyashona tangu augue, yalikuwa hivyo hivyo, na kila siku aliyatazama asijali. Leo uso ukamwaka. Akashika wembe, akaanza kufumua, machozi yakimdondoka.

Mkewe akashtuka. "Umezidiwa?"

"Hapana. Naona aibu."

Mkewe akakitazama kichupa cha vidonge, kisha akatungua shati la pili, akamwekea mezani.