Nusu Iliyobaki Kitandani

Fundi cherehani alijitolea kwenye utafiti wa dawa ya kuamsha watu kutoka nusukaputi kwa sababu mumewe alimwambia kazi yenyewe ni kulala tu. Muuguzi alimpangusa mkono kwa pamba, akamchoma sindano ya usingizi, na punde akawa amelala fofofo. Kisha daktari akamchoma ile dawa mpya. Fundi akaketi, akaomba maji, akashuka kitandani. Alipogeuka kutafuta viatu vyake, alijiona bado amelala palepale, mdomo wazi.

Muuguzi alisema ndiyo maana huitwa nusukaputi, akamfunika shuka yule aliyelala. Daktari aliandika kwamba dawa imefanya kazi na haina madhara.

Fundi alirudi nyumbani, akapika, akaendelea na cherehani. Wiki iliyofuata, akiwa anapinda suruali ya mteja, alisikia kisu kikimpasua tumbo taratibu. Damu haikutoka. Kule hospitali, kwa kuwa hakuna aliyekuja kumchukua yule mwingine, walikuwa wakimtumia kuwafundisha wanafunzi upasuaji. Yule aliyelala hakusikia kitu. Maumivu yote yalikuja kwa aliye macho.

Alikwenda kudai nusu yake, hasira zimempanda. Daktari alimpokea vizuri, akampa kiti. Alimweleza kwamba mtu asiyejitambua huamuliwa mambo yake na ndugu wa karibu, na ndugu wa karibu hapa ni mume.

"Lakini yule ni mimi, daktari."

"Wewe umesharuhusiwa kwenda nyumbani, mama."

Basi akambembeleza mumewe aende akatoe idhini yule aamshwe. Mume akaenda, akakaa huko mpaka jioni. Alirudi na uso mkunjufu ambao fundi hakuwa ameuona tangu wachumbiane. Kumbe huko hospitali alikuwa ameketi kando ya kitanda cha yule aliyelala akisimulia mambo yake yote, na hakukatizwa hata mara moja.

"Nimewaambia wamwache," alisema. "Yule ana adabu, mke wangu."

Sasa mume huenda kumwona kila Ijumaa, amenyoa ndevu na kujipulizia manukato. Fundi ndiye humpigia pasi shati, na roho humuuma kuliko kisu. Kisu chenyewe kikianza, huondoa mguu kwenye pedeli, huuma kitambaa, hungoja kipite. Wateja wameshazoea. Juzi bibi harusi mmoja alisubiri kwa upole mpaka fundi alipomaliza kulia, kisha akamwomba ampunguzie gauni kidogo kiunoni.